Abebe Bikila: Alitoka hospitali akabeba dhahabu, Mexico mguu ukamgomea

KWA kijana wa Igalula, kukimbia si hadithi ya kusimuliwa. Kituo cha reli kipo pale, Tabora mjini iko upande wa magharibi, na katikati kuna miombo, mashamba ya tumbaku na njia za mchanga ambazo watu wanazipiga kwa miguu kila siku. Mcheza mpira wa mchangani hahitaji jimu. Anaingia njiani alfajiri, anapiga mchakamchaka wake, jioni anaingia uwanjani.

Shida inaanza siku mguu unapoleta kelele. Enka imeteguka kidogo, au msuli wa nyuma ya paja umevuta. Si kitu kikubwa, hakuna plasta wala magongo. Jamaa anakaa nje wiki mbili, maumivu yanapungua, na Jumapili kuna mechi. Kocha anapiga simu, wenzake wanapita nyumbani kumwangalia. Swali linabaki moja tu: anarudi sasa au anasubiri?

Swali hilo ni la zamani sana katika ukanda huu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ya bara ilisafiri kichwani na begani. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 800, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee. Kwa watu wale mguu ndio ulikuwa mtaji. Kidonda kidogo cha kisigino kilikuwa jambo la kufikiria mara mbili kabla ya kubeba tena.

Mtu ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kuliko mwingine yeyote hakuwa Mnyamwezi wala Mtanzania, na wala hakuwa mcheza mpira. Alikuwa askari wa Ethiopia, bingwa wa mbio ndefu, na amefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Anaitwa Abebe Bikila. Alirudi mazoezini mara tatu akitokea kitandani au kwenye majeraha. Mara ya kwanza dunia nzima ilishangaa. Mara ya pili mwili ulimkatalia mbele ya dunia hiyohiyo. Mara ya tatu alirudi bila miguu.

ASKARI WA MFALME

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, mkoa wa Shewa, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Alikulia kwenye familia ya kawaida, akichunga mifugo na kucheza ganna, mchezo wa asili wa Waethiopia wa kupiga mpira kwa fimbo, unaofanana na magongo. Alikuwa na miaka mitatu tu Italia ilipoivamia nchi yake mwaka 1935.

Alipokuwa kijana alihamia Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Ndani ya kikosi hicho ndimo alimokutana na mtu aliyebadili maisha yake, Onni Niskanen, kocha kutoka Sweden aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya Ethiopia. Niskanen hakuwa mtu wa porojo. Alikuwa na saa mkononi na daftari, na aliwakimbiza vijana wake milimani, kwenye hewa nyepesi, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari.

Huko ndiko Bikila alikojenga kile ambacho makocha wa mpira wanakiita pumzi. Miaka ya kukimbia polepole na kwa kasi, milima kwa tambarare, ilimpa akiba kubwa mwilini. Akiba hiyo ikumbukwe, maana ndiyo iliyokuja kumwokoa mwaka 1964.

PEKUPEKU NDANI YA ROMA

Septemba 10, 1960, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Roma, hakuna aliyekuwa anampigia hesabu. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi pekupeku, aliamua kukimbia hivyohivyo. Kilomita 42 na mita 195, juu ya mawe na lami ya Roma, bila kiatu.

Mbio zilianza jioni na kumalizika usiku, askari wakiwa wameshika mienge kando ya barabara. Kadiri kilomita zilivyosonga, wakubwa walianza kukata upepo mmoja baada ya mwingine, hadi wakabaki Waafrika wawili, Bikila na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Wakaenda bega kwa bega. Walipokaribia mnara wa Axum, ule ambao Waitaliano waliuchukua Ethiopia na kuusimamisha Roma, Bikila akakiwasha. Akamwacha Rhadi kwa sekunde 25 na kumaliza chini ya Tao la Constantine kwa saa 2:15:16, muda bora duniani wakati huo.

Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mwafrika mweusi. Nyumbani alipokelewa kama shujaa na kupandishwa cheo. Mwaka 1961 akashinda Athens, Osaka na Kosice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akamaliza wa tano. Walioanza kusema ameisha walikuwepo, kama wanavyokuwepo kwa straika aliyekaa mechi mbili bila bao.

KIDOLE TUMBO, WIKI TANO KABLA

Mwaka 1964 Bikila alikuwa moto. Mwanzoni mwa Agosti alishinda mbio za mchujo za Ethiopia jijini Addis Ababa kwa saa 2 na dakika 16, na hapo ni kwenye ule mwinuko unaokata pumzi. Hakuna bingwa wa marathoni aliyewahi kutetea dhahabu yake ya Olimpiki, na yeye alikuwa anaiendea hiyo Tokyo.

Siku chache tu zikiwa zimebaki kabla ya safari, akiwa mazoezini Debre Zeit, tumbo likamkamata. Akaanguka. Hospitali wakagundua ni kidole tumbo, na Septemba 16 akapasuliwa. Marathoni ya Tokyo ilikuwa Oktoba 21. Hesabu yake ni wiki tano kamili.

Kwa shabiki wa mpira, habari hiyo ni sawa na kusikia nahodha amefanyiwa upasuaji mwezi mmoja kabla ya fainali. Wengi wangefuta jina lake kwenye karatasi ya kikosi. Bikila hakufuta. Akiwa bado hospitalini, usiku watu wakiwa wamelala, alianza kutoka na kujikongoja uani. Kwanza kutembea, halafu mbio za polepole kuzunguka ua uleule. Hakukimbilia milimani wala hakumtaka Niskanen ampigie saa. Alianza na kidogo ambacho mwili ulikubali kubeba.

Hapa ndipo watu wengi wanapoikosea hadithi hii. Wanaisimulia kana kwamba Bikila alishinda kwa sababu alipuuza daktari na kidonda. Ukiitazama vizuri utaona kitu kingine. Kilichoumia kilikuwa tumbo. Miguu yake ilikuwa mizima, magoti mazima, mifupa haina doa. Mapafu na moyo vilikuwa vimejengwa kwa miaka, na wiki chache za kupumzika haziwezi kubomoa jengo la miaka. Mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya upasuaji alikuwa amekimbia marathoni nzima kwa kasi ya kutisha. Pengine mapumziko yale ya lazima yalimpa hata miguu mibichi, kitu ambacho wakimbiaji wanaojikamua kupita kiasi hukikosa siku ya mbio.

TOKYO YANYAMAZA

Oktoba 21 Bikila alisimama kwenye mstari wa Tokyo, safari hii akiwa na viatu na soksi nyeupe. Ron Clarke wa Australia alizianza mbio kwa fujo. Bikila akamfuata bila haraka, akiutazama mchezo kama kiungo mkongwe anayejua dakika 90 ni nyingi. Karibu na nusu ya safari alikuwa mbele, na baada ya hapo wenzake waliona mgongo wake tu.

Aliingia Uwanja wa Taifa peke yake. Alimaliza kwa saa 2:12:11, akivunja rekodi ya Basil Heatley wa Uingereza ya saa 2:13:55, iliyowekwa Juni mwaka huohuo. Heatley mwenyewe alikuwemo ndani ya mbio hizo na akashika nafasi ya pili, dakika 4 na sekunde 8 nyuma. Kokichi Tsuburaya wa Japani akawa wa tatu.

Kilichowaacha watu midomo wazi kilitokea baada ya kuvuka mstari. Jamaa hakuanguka wala hakushikiliwa. Alikwenda kwenye majani katikati ya uwanja, akalala chali na kuanza kunyoosha viungo, miguu juu, kama mtu anayepasha kabla ya mechi. Wiki tano nyuma alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni mbili za Olimpiki. Mfalme akampandisha cheo tena na kumpa gari, Volkswagen nyeupe.

MGUU WAANZA KUNUNG'UNIKA

Sasa inakuja sehemu ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana vijiweni.

Mwaka 1966 Bikila alikuwa bado anashinda, Zarautz nchini Hispania na kisha mbio za Incheon hadi Seoul, Korea Kusini. Lakini Julai 1967 alirudi Zarautz na safari hii hakumaliza. Msuli wa nyuma ya paja ulimsaliti, ule uleule unaowatoa mawinga wengi nje ya uwanja wakiwa wameshika paja. Jeraha lile halikupona sawasawa. Alikuwa anakaribia miaka 35, umri ambao msuli uliojeruhiwa hauna haraka ya kusamehe.

Mwaka 1968 alikwenda Ujerumani kutibiwa miguu, akarudi kuungana na wenzake Asmara, ambako timu ilikuwa inajiandaa kwa Olimpiki ya Mexico. Jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa Waethiopia hewa ya namna hiyo ni ya nyumbani. Dhahabu ya tatu mfululizo ilikuwa inanukia. Taifa zima lilikuwa linamtazama.

Wiki moja hivi kabla ya mbio, mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Madaktari wakaona ufa kwenye ule mfupa mwembamba wa pembeni, chini ya goti. Wakamtaka asiukanyagie mguu huo hadi siku ya mashindano.

Tofauti na Tokyo ipo hapo. Mwaka 1964 kulikuwa na wiki tano na kidonda kilikuwa mbali na miguu. Mwaka 1968 kulikuwa na siku chache, na kilichovunjika ndicho kilichotakiwa kufanya kazi. Moyo ulikuwa uleule, ujasiri ni uleule, jina ni lilelile. Ila mfupa hauangalii jina wala medali za nyuma. Mfupa uliopasuka unataka wiki kadhaa za kutulia ili uungane, na kalenda ya Olimpiki haikuwa nazo.

WAAFRIKA WAWILI, BARABARA MOJA

Oktoba 20, 1968 wakimbiaji 75 waliondoka. Bikila alikuwemo, akiwa na ufa wake mguuni. Alikaza hadi kilomita ya 17 hivi, kisha akasimama. Akatoka barabarani. Mfalme wa marathoni, mtu aliyekuwa hajawahi kushindwa kwenye Olimpiki, akaingia kwenye orodha ya wale 18 ambao hawakumaliza. Dhahabu ilibaki Ethiopia kupitia mwenzake, Mamo Wolde, aliyetumia saa 2:20:26.

Ndani ya mbio hizohizo alikuwemo Mtanzania ambaye kila mtoto wa shule anamjua, John Stephen Akhwari kutoka Mbulu. Akhwari alianguka njiani katika msukumano, goti likateguka na kuchanika, bega nalo likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea akichechemea, na kuingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, kwa saa 3:25:27. Mshindi alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa nzima nyuma, na giza lilikuwa limeingia.

Tanzania imemsifu Akhwari kwa miaka yote hii, na anastahili. Lakini picha ya siku ile haijakamilika bila Bikila kando ya barabara. Mmoja alimaliza, mwingine alisimama. Hakuna aliyekuwa mwoga. Akhwari alikuwa ameumia ndani ya mbio, na kilichobaki mbele yake kilikuwa kufika tu. Bikila alikuwa ameingia na mfupa uliopasuka, na kila hatua ilikuwa inauongeza ufa. Kusimama mbele ya dunia, ukiwa na dhahabu mbili kabatini na nchi nzima ikisubiri ya tatu, kunahitaji kifua pia.

Na Akhwari mwenyewe ana sehemu ya pili ambayo wengi hawaikumbuki. Alitibiwa, akapona, akarudi mazoezini. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Edinburgh, alikimbia marathoni kwa saa 2:15:05 na kushika nafasi ya tano. Huo ni muda wa haraka kuliko ule uliompa Bikila dhahabu Roma. Goti lililofungwa bandeji Mexico lilikuwa limepewa muda wake.

ALIRUDI BILA MIGUU

Bikila hakupata nafasi kama hiyo. Usiku wa Machi 22, 1969, akiendesha ile Volkswagen kurejea Addis Ababa, gari lilimshinda na kupinduka. Alipotolewa hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Akapelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, iliyokuwa inasifika kwa kutibu watu walioumia uti wa mgongo. Alikaa huko miezi minane. Mikono ikarudi. Miguu haikurudi tena.

Hospitali ile ilikuwa na utamaduni wake. Daktari Ludwig Guttmann aliamini kwamba mgonjwa wa uti wa mgongo anatakiwa kucheza, na michezo aliyoianzisha pale ndiyo iliyokuja kuzaa Paralimpiki. Bikila akaanza upya kabisa, kama chipukizi. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alijifunza kulenga shabaha kwa upinde na mshale, akajifunza tenisi ya meza, na mwaka 1970 akashiriki mashindano ya Stoke Mandeville. Mwaka 1971 alikwenda Norway kwenye michezo ya watu wenye ulemavu, akaingia mbio za sleji inayovutwa na mbwa juu ya theluji, na akazishinda. Mtoto wa Shewa, kwenye theluji, bila miguu, anabeba ushindi.

Mwaka 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alikwenda kumpa mkono.

Abebe Bikila alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na miaka 41, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, matokeo ya ile ajali. Makumi ya maelfu ya watu walijitokeza kumzika Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Leo jijini humo kuna uwanja wenye jina lake, na mara nyingi kinachochezwa pale ni soka.

YA KUCHUKUA IGALULA

Sasa arudiwe yule kijana wa Igalula mwenye enka yake. Asije akasema Bikila alipasuliwa na akashinda, kwa hiyo na yeye Jumapili anaingia. Maisha ya Bikila hayasemi hivyo. Yanasema mwili ndiye refa, na refa huyo haangalii ratiba ya ligi.

Cha kwanza kujiuliza ni nini kimeumia. Homa iliyopita, au kidonda kilicho mbali na mguu, ni habari moja. Kifundo, msuli na mfupa ni habari nyingine. Mapafu yanarudi mapema, ndiyo maana mtu anajisikia mzima baada ya mazoezi mawili matatu. Kano na mifupa vinachelewa. Pumzi ikitangulia na mguu ukabaki nyuma, hapo ndipo jeraha dogo linapogeuka kubwa.

Cha pili ni kuanza kama Bikila alivyoanza uani hospitali. Kutembea kwanza. Ukitembea nusu saa bila kuchechemea, changanya: mbio za polepole kidogo, kutembea kidogo. Njia tambarare kwanza, mchanga mzito na kukata kona kwa kasi baadaye. Mpira uje mwisho, maana mechi haina mwendo wa polepole.

Cha tatu ni kusikiliza asubuhi inayofuata. Mguu ukiamka salama, ongeza kidogo. Ukiamka umevimba au unauma kuliko jana, rudi hatua moja nyuma. Na ukiona unachechemea katikati ya mazoezi, simama papo hapo. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa yanayozidi kila unapokanyaga ni ya kupeleka hospitali, si ya kupaka dawa ya kuchua na kufunga kamba za viatu.

Kocha atanuna, na mashabiki wa pembeni ya uwanja watasema umeogopa. Waache waseme. Bikila alisimama kwenye kilomita ya 17 jijini Mexico, na miaka 5 baadaye Mfalme wake na maelfu ya Waethiopia walimsindikiza kaburini kama bingwa. Ligi ya mchangani itakuwepo mwezi ujao. Mguu wa kuichezea ni huohuo mmoja.